Ramani ya pango dogo la shambani inagoma kufunga? Soma dalili, chanzo utakiona

Naongelea mapango ya maweni, yani mwamba wa matumbawe, haya ya ukanda wetu wa pwani kuanzia Jambiani na Makunduchi huku Unguja kusini mpaka Tanga, Kwale na Kilifi. Unakuta mdomo wa pango upo katikati ya shamba la mihogo, mtini umeota pembeni na mizizi imeshuka mpaka ndani, mwenye shamba anajua lipo tangu enzi za babu yake ila hakuna anayejua linaishia wapi. Sio mapango ya watalii, ni mita 40, mita 80, likizidi sana mita 150 basi. Watu wengi wanaona pango dogo hivyo halina haja ya kupimwa, mi nasema hilo ndo lenye haja zaidi, mana juu yake watu wanajenga, wanachimba choo, wanapandisha tangi la maji la lita elfu tano, na maji yanayopita humo chini ndo hayohayo yanavutwa kisimani.

Kupima kwenyewe sio kugumu. Unachagua pointi moja, hiyo ni stesheni 1, unachagua nyingine mbele inayoonekana, stesheni 2, alafu unachukua namba tatu za mstari ulio kati yao: urefu kwa tepu au leza, uelekeo kwa dira, na mteremko kwa klinomita. Unaongeza umbali wa ukuta wa kushoto, wa kulia, dari na sakafu, unachora mchoro hapohapo ndani (sio ukifika nyumbani), unasogea. Shida ni kwamba makosa yanaingia kimyakimya na unayaona siku ya kuchora. Ila kila aina ya kosa inaacha alama yake, na ukishazijua alama huhitaji kurudia pango zima, unarudia mstari mmoja au miwili tu. Ndo maana nimeandika hii kwa dalili, tafuta yako.

Kichwa kinagonga, unahema na wala hujafanya kazi

Hii naiweka juu kabisa mana haisubiri. Ukiwa umekaa tu unaandika namba na unajikuta unavuta pumzi harakaharaka, kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, chanzo cha kwanza kukifikiria ni hewa mbaya, yani kaboni dayoksaidi imejaa. Nje kawaida ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa, ikifika asilimia 3 hivi unaanza kuhema, ikifika 5 hali ni mbaya, 10 unazimia. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwaiyo inakaa kwenye mashimo na vyumba vya chini ambavyo havina tundu la pili, na inaongezeka pale ambapo majani, mizoga au taka za shamba zimetupwa mdomoni zikaoza, hasa kipindi cha masika.

Suluhisho ni moja, toka, wote, saa hiyohiyo, usimalizie hata mstari uliobaki. Kuna watu wanaingia na kiberiti au mshumaa wakisema moto ukiwaka hewa ni nzima. Sio kweli. Moto unakuonyesha oksijeni ikipungua sana, haukuonyeshi kaboni ikiwa imeshapanda kufikia kukudhuru, mshumaa unaweza kuwaka vizuri na wewe unaelekea kuanguka. Kama umeshaona dalili hizi mara moja kwenye pango hilo, sehemu ile usirudi bila kifaa cha kupima gesi, na mwenzako akianguka kwenye shimo usimfuate kwa kuruka, mana visa vya watu kufa wawili watatu kwenye kisima kimoja au shimo la choo tunavisikia kila mwaka na utaratibu ni huohuo.

Hapohapo niseme la usalama kwa ujumla. Watu wasipungue watatu, kila mtu kofia ngumu na tochi tatu (tochi ya simu usiihesabu), na nje abaki mtu anayejua mmeingia saa ngapi na saa ngapi aanze kuita msaada. Mdomoni sikiliza kwanza kama kuna nyuki, ukiwasikia achana nao, tafuta siku nyingine na ikiwezekana mtu anayewajua.

Mwenye shamba kakubali, ila mkifika wazee wanakataa

Chanzo: shamba lina mwenyewe na pango lina wenyewe, na sio lazima wawe haohao. Mapango mengi ya huku ni mizimu, utakuta kitambaa chekundu au cheupe, kijungu cha ubani, chupa ya maji ya waridi, sahani. Ulimwendea kijana anayelima ukadhani imetosha. Rudi nyuma uanze upya, nenda kwa sheha (bara ni mwenyekiti wa kijiji), mwambie akupeleke kwa mzee anayehudumia pango, shikamoo yako iwe ya kweli, kaa chini, eleza unataka kupima tu na hutochukua kitu na ramani utamletea. Mara nyingi jibu linakuwa ndiyo lakini kwa masharti, labda mvue viatu sehemu fulani, labda msiingie siku fulani, labda chumba cha mwisho kisiguswe. Masharti hayo yafuate yote. Chumba ambacho hamkuruhusiwa chora kwa mistari ya nukta na uandike "haijapimwa", ramani haiharibiki kwa hilo hata kidogo, na wazee wakiona mlitii watakuja wenyewe kuwaonyesha pango la pili.

Mzunguko haufungi

Hapa ndo penye kazi. Mzunguko maana yake umeanzia stesheni 4, ukazunguka nguzo ya mwamba, ukarudi stesheni 4 ileile, ila ukikokotoa, stesheni 4 ya kuondokea na ya kurudia zinaangukia sehemu mbili tofauti. Pengo lazima liwepo, hakuna aliyewahi kupata sifuri. Mzunguko wa mita 62 ukiwa na pengo la sentimita 70 hiyo ni asilimia 1.1, safi, gawanya kosa kwenye stesheni zote uendelee. Ukizidi asilimia 2 anza kuuliza maswali. Ukiwa na pengo la mita 3 kwenye mita 62 hilo sio kosa la kutetemeka mkono, kuna namba moja kubwa iliyoandikwa vibaya na inapatikana, usiligawanye, kuligawanya ni kuharibu mistari mizuri kwa ajili ya mmoja mbovu.

Angalia pengo lenyewe, lina urefu gani na linaelekea wapi, hiyo ndo taarifa yako.

Pengo liko wima tu, yani kaskazini na mashariki zimekubali ila juu na chini zimekataa: ni klinomita. Kwenye mstari mmoja mtu kasahau alama ya kutoa, pango lilikuwa linashuka digrii 12 yeye kaandika 12 badala ya -12. Tafuta mstari ambao kimo chake mara mbili ni sawa na pengo. Au kasoma upande wa pili wa kioo, mana klinomita nyingi za kampuni ya Suunto zina skeli mbili, kushoto digrii, kulia asilimia, na asilimia 20 ni digrii 11 na kidogo tu. Mtu mmoja akisoma asilimia pango zima, pango linakuwa na miteremko mikali ambayo mchoro wako hauionyeshi, hapo amini mchoro.

Pengo linalala sambamba na mstari fulani: urefu umekosewa kwenye mstari huo. 12 imesikika 2, 6 imeandikwa 9 kwa sababu daftari lilikuwa limegeuka, 7.30 imekuwa 3.70. Kwa hilo mwandishi lazima arudie kila namba kwa sauti na msomaji aitikie, hii haina mbadala.

Pengo linalala sambamba na mstari na ni karibu mara mbili ya urefu wake: mstari huo umegeuzwa, digrii 180. Dira ya Suunto ya kuchungulia ina namba kubwa za mbele na namba ndogo za kurudi nyuma, macho yakichoka yanashika ndogo. Ongeza au toa 180, kokotoa tena, ukiona imefunga umemaliza.

Pengo limekatisha mstari kama msalaba: uelekeo umekosewa, na mara nyingi ni kwa digrii 10 kamili au kwa kusoma skeli kinyume. Ndani ya dira ile namba zinakua kuelekea kushoto, macho yetu yamezoea kulia, kwaiyo 47 inasomwa 53. Hesabu ya haraka ya kukumbuka ni hii, digrii 1 kwenye mita 10 ni sentimita 17, digrii 10 kwenye mstari wa mita 9 ni kama mita 1 na sentimita 57. Ukiona pengo la 1.5 au 1.6 na una mstari wa mita 9 unaolikatisha, mshukiwa wako ni huyo.

Pengo halilingani na mstari wowote, na kila mzunguko una lake: hapo sio namba moja, ni kifaa au mtu, endelea chini.

Na kama pango halina mzunguko hata mmoja, ambayo ni kawaida kwa haya madogo, utajuaje? Kwa kusoma mbele na nyuma. Kila mstari usomwe kutoka stesheni ya kwanza kwenda ya pili, na ya pili kurudi ya kwanza, ziachane 180, kutofautiana kwa digrii 2 nakubali, zaidi ya hapo rudieni palepale kabla hamjasogea. Inaongeza muda karibu mara mbili, najua, na bado nasema ifanywe, kwa pango lisilo na mzunguko hicho ndo kipimo pekee ulichonacho.

Kusoma mbele na nyuma kunakataa kila mara

Angalia kunakataa wapi. Kukikataa mstari mmoja tu na mingine iko sawa, mtu alisoma vibaya. Kukikataa mistari yote inayogusa stesheni moja, kuna chuma karibu na stesheni hiyo. Mwamba wa matumbawe wenyewe hauvuti sindano, kwaiyo maweni ukiona dira inacheza tafuta chuma kilicholetwa na watu: nondo, mabati yaliyotupwa, ndoo, pampu na bomba la kisima. Kwenye mapango ya lava, yani mwamba wa volkano, habari ni nyingine, mfano Suswa na Chyulu huko Kenya au Musanze Rwanda, pale mwamba wenyewe una sumaku. Dawa yake ni kusimama stesheni moja na kusoma pande zote mbili, nyuma uliyotoka na mbele unayokwenda, hata kama sindano imevutwa imevutwa sawasawa kwa zote mbili kwaiyo pembe kati yao ni sahihi, unajenga ramani kwa pembe hizo.

Kukikataa mistari inayosomwa na mtu fulani tu, na kosa linabadilika kulingana na anaangalia upande gani, basi chuma anacho yeye. Tochi ya kichwani yenye betri za chuma ndo namba moja. Saa, miwani yenye fremu ya chuma, simu mfuko wa shati (spika ina sumaku, na makava mengine yana sumaku ya kufungia), kifungo cha chuma cha mkanda, na huku shambani panga kiunoni, mtu amezoea kutembea nalo mpaka amesahau analo. Toa vyote, mwambie asome tena mstari uleule.

Alafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Dira imenunuliwa Ulaya au kaletewa na ndugu aliye kule, sindano inakwama, inagusa kioo, inazunguka kwa uzito. Haijaharibika. Usumaku wa dunia kule unaivuta ncha ya kaskazini chini, kiwandani wakaweka uzito upande wa kusini kusawazisha, ukija huku Tanzania ncha inayovutwa chini ni ya kusini, kwaiyo uzito na mvuto vimeungana na sindano imelala. Kwa muda, inamisha dira kidogo mpaka sindano ielee ndo usome, ila suluhisho la kudumu ni kununua ya ukanda wa huku au ile ya sindano ya dunia nzima, na uulize kabla ya kulipa.

Dira ya simu mi siishauri kwa mistari ya ramani. Kwa kujua uelekeo wa mdomo wa pango sawa, kwa kazi ya ndani hapana.

Umbo la ramani liko sawa ila lote limegeuka, au lote limekuwa kubwa

Limegeuka lote: dira yako ina kosa la kudumu, na kusoma mbele na nyuma hakukuonyeshi hilo kamwe. Kabla ya kuingia, simama nje na dira zote mlizonazo, someni mti uleule wa mbali kutoka pointi ileile, mkiona dira moja inazidi mwenzake digrii 3 andikeni daftarini. Kabla ya kuingia kila siku, sio mara moja kwa mwaka. Limekuwa kubwa lote: tepu. Zile tepu za fundi zinakatika mwanzoni, mtu anafunga fundo kwenye sentimita 20 na kuendelea, kila mstari unabeba zile 20. Pima mita 5 za uhakika ukutani uilinganishe.

Namba zote zimehakikiwa lakini Eksel inatoa kitu cha ajabu

Stesheni zimerukaruka, pango lililokuwa linashuka linapanda. Chanzo karibu mara zote ni digrii na radiani (kipimo kingine cha pembe), Eksel inasoma radiani na wewe umeipa digrii. Jaribu kwa mstari huu: urefu 8.40, uelekeo 135, mteremko -12. Majibu sahihi ni kusini 5.81, mashariki 5.81, chini 1.75. Ukipata kusini 7.06, mashariki 0.63 na juu 4.51, umesahau kuweka RADIANS ndani ya SIN na COS. Njia ya kukokotoa ni urefu mara kosaini (COS) ya mteremko unapata urefu wa mlalo, huo mara kosaini ya uelekeo ni kaskazini, mara sini (SIN) ya uelekeo ni mashariki, na urefu wa kwanza mara sini ya mteremko ni kimo. Ukichoka na Eksel kuna programu za bure zilizotengenezwa kwa kazi hii, Survex na Therion kwa kompyuta, TopoDroid kwa simu za Android, na zinakuonyesha zenyewe mzunguko gani una kosa. Lakini namba ghafi za daftari zipigwe picha na zitunzwe, usizisahihishe kwa kufuta, kata kwa mstari mmoja uandike pembeni.

Leza inatoa urefu mfupi au inagoma kabisa

Imepiga mzizi. Mapango haya yana mizizi myembamba inaning'inia, kwa mwanga wa tochi huioni, leza inaiona. Weka kadi nyeupe au kiganja kwenye stesheni ya mbele upigie hapo. Ikigoma kabisa ni mvuke, au ukuta mweusi uliolowa, au unapiga kwenye maji, usipime kina cha maji kwa leza, tumia kamba na jiwe.

Wenye DistoX, ile leza ya Leica aliyoifanyia mabadiliko Beat Heeb wa Uswisi ikawa na dira na klinomita ndani yake, dalili ya kawaida ni kwamba mbele na nyuma zilikuwa zinakubali wiki iliyopita leo zinakataa. Je umebadilisha betri? Betri nayo ina usumaku wake, ukibadilisha lazima usawazishe upya, vipimo 56, pande 14 na kila upande mizunguko minne ya kifaa, mbali na gari na mbali na nyumba yenye nondo.

Vioo kuingia ukungu ni kwa sababu vifaa vilikuwa kwenye kiyoyozi, viache nje kivulini vipate joto kwanza.

Maji yanapanda na mvua haijanyesha

Mliingia asubuhi stesheni 9 ipo pembeni ya maji, saa sita mchana stesheni 9 iko ndani ya maji. Watu wanaogopa, wengine wanasema mengi. Chanzo ni bahari. Chini ya maweni maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kanuni yake kila mita moja ya maji baridi (yasiyo na chumvi) iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini ya usawa huo, na mwamba umejaa matundu kwaiyo bahari ikijaa inayasukuma yale maji ya pangoni nayo yanapanda, yakichelewa na kwa kiasi kidogo kuliko ufukweni. Pwani yetu wakati wa bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa sana) maji yanapanda na kushuka mpaka karibu mita 4, kwaiyo pango lililo karibu na bahari linaona tofauti kubwa siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Kwa ramani: andika saa na tarehe kila unapochora mstari wa maji, stesheni weka kwenye mwamba mkavu juu, usiweke kwenye jiwe la pembeni. Kwa usalama: chumba chenye dari ya chini kinachofikiwa kwa kupita majini kiingie maji yakiwa yanapwa siku za maji mafu (bahari isipojaa sana), na ujue saa ya kujaa kabla hujaingia. Mvuvi yeyote wa kijijini atakwambia bila kuangalia simu. Na maji yakipanda huku wingu limefunga upande wa juu wa shamba, hapo hata usibishane na hesabu za bahari, toka kwanza.

Mmekuta vigae, mifupa, au majivu

Simameni. Hili sio tatizo la ramani ila litakuwa tatizo kubwa mkiligusa. Pango la Kuumbi karibu na Jambiani lilionekana pango la kawaida tu, wachimbuaji wakakuta ushahidi wa watu wa zama za mawe. Kwenye pango la Panga ya Saidi huko Kilifi mwaka 2021 ilitangazwa kupatikana kaburi la mtoto wa kama miaka mitatu, lenye umri wa miaka elfu 78 hivi, kaburi la zamani kuliko yote yanayojulikana Afrika. Ushahidi wa namna hii upo kwenye mpangilio wa udongo, kipande kikishatolewa mahali pake hakisemi tena chochote. Piga picha na kitu cha kulinganisha ukubwa, weka alama kwenye mchoro, pita pembeni, mkitoka toeni taarifa kwa sheha na kwa watu wa makumbusho na mambo ya kale. Sheria zipo, Tanzania bara ni ya mwaka 1964 na Kenya ni ya 2006. Na usichimbe sakafu kutafuta njia, hata kama unahisi upepo unatoka chini.

Homa siku kadhaa baada ya pango

Homa, kikohozi kikavu, kifua kinabana, umepima malaria hamna. Mavi ya popo yaliyokauka yanaota kuvu anayeitwa Histoplasma, ukivuta vumbi lake dalili zinakuja kati ya siku 3 na 17. Wanaochota mbolea ya popo mapangoni wako hatarini zaidi ya wapimaji, waambieni wavae barakoa za N95 na wamwagie maji vumbi kabla ya kuchota.

La pili ni zito. Popo wa matunda wanaokaa mapangoni wanabeba virusi vya Marburg. Watu wameugua baada ya kuingia pango la Kitum mlima Elgon mwaka 1980 na 1987, wachimbaji wa dhahabu Durba Kongo 1998 mpaka 2000, Uganda 2007 na 2008, na Kagera tumeuona wenyewe 2023 na tena 2025. Dalili zinaweza kuchelewa mpaka siku 21. Kwaiyo ukienda hospitali useme mwanzoni kabisa, "niliingia pangoni penye popo tarehe fulani", mana daktari hawezi kukisia. Pango lenye popo wengi wa matunda mi ushauri wangu upime mdomoni tu uishie hapo, ramani nusu inatosha.

Ramani imekamilika ila haikai juu ya shamba

Mwenye shamba anauliza swali moja tu, je limefika chini ya nyumba yangu, na wewe una mchoro mzuri usioweza kumjibu. Chanzo ni kwamba ulichukua pointi moja ya mdomoni kwa GPS ya simu, nayo kwenye uwazi inakosea mita 3 mpaka 5, chini ya mtini zaidi. Pango lina upana wa mita 4, kosa ni kubwa kuliko pango.

Suluhisho ni kupima juu kwa vifaa vilevile na njia ileile. Anzia stesheni 1 mdomoni, toka nje, pima kwenda kwenye kona ya nyumba, kisima, choo, mnazi mkubwa, mpaka wa shamba, alafu rudi mdomoni ili mzunguko wa juu nao ufunge. Pango likiwa na midomo miwili ingia kwa mmoja utokee kwa mwingine urudi juu, huo ni mzunguko bora kuliko yote na unakagua kazi nzima.

Hapo ndo unapata na unene wa dari. Toa kimo cha dari ya chumba kutoka kimo cha ardhi iliyo juu yake, utashangaa, mapango ya maweni mengi dari ni mita chache tu na mdomo wenyewe ulitokana na dari kuanguka. Chora kwenye karatasi moja, pango kwa rangi moja, vya juu kwa rangi nyingine, na mkato wa pembeni unaoonyesha unene. Kisha mtembee juu pamoja na mwenye shamba mpige vigingi kufuata njia ya pango, mana ramani ya karatasi wengine hawaizoei ila kigingi kila mtu anakielewa, wakiwemo watoto wake. Pale penye dari nyembamba tangi lisikae na lori la mawe lisipite. Choo kisichimbwe juu ya pango wala karibu nalo, mwamba huu hauchuji kitu, kinachoingia juu kinafika majini kikiwa kilekile, na kama mdomo wa pango umekuwa jalala la chupa za dawa za kupulizia mazao hizo zitolewe kabla ya masika.

Nakala zitoke tatu, ya mwenye shamba, ya sheha na ya mzee wa pango. Mahali halisi pa mdomo msipaweke hadharani mtandaoni bila wao kuridhia, wa kutoa ruhusa hiyo ni wao watatu. Ukibaki na swali kuhusu pengo lako, weka namba ghafi za mzunguko mzima, sio matokeo ya Eksel peke yake, urefu, uelekeo, mteremko, mbele na nyuma, na nani alisoma nini, tutalitafuta kosa kuanzia hapo.